Sura ya Tano: Gari Jepesi Mpakani

Katika Safari Rally ya mwaka 1993, Mkenya Patrick Njiru alifika mwisho akiwa nafasi ya 12. Gari lake lilikuwa Subaru Vivio, kigari ambacho Wajapani walikiunda kwa ajili ya barabara finyu za mijini: injini ya sentimita za ujazo 658 na uzito wa kilo mia saba hivi. Colin McRae, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1995, alipewa Vivio kama hiyo, na haikumfikisha. Njiru alikitunza chake, akamaliza nacho, akashinda daraja la magari madogo. Mwaka huohuo, nyuma tu ya Toyota Celica nne zenye turbo na zinazovuta kwa magurudumu yote, nafasi ya tano, ya sita na ya saba zilikuwa za Daihatsu Charade. Charade hizo zilikuwa za silinda tatu, na injini yake haikufika lita moja.

Habari hiyo ingefaa ijulikane zaidi huku kwetu kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Kuanzia Bumala hadi Tororo, watu wengi huamini kwamba mbio za magari ni za Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, na kwamba asiye nazo kazi yake ni kusimama kando ya barabara na kumezeshwa vumbi. Kijana mwenye Toyota Starlet iliyotunzwa vizuri, au mfanyabiashara aliyebahatika kupata Mazda MX-5 ya zamani kwa mtu aliyekuwa akihama Nairobi, hujihesabu mtazamaji. Anakosea. Alicho nacho ni gari jepesi, na gari jepesi lina mahali pake katika michezo hii, mradi mwenyewe achague mashindano ambayo kanuni zake zinaujali uzito. Kabla ya kutazama jina la mashindano, zawadi yake au picha zake kwenye simu, tazama daraja utakalopangwa.

Njiru hakumshinda Juha Kankkunen, aliyenyakua Safari ya mwaka ule kwa Celica. Wala hakuhitaji kumshinda. Alishindana na magari ya kimo chake, na hesabu ya daraja ikamtambua. Wazo hilo ni la tangu mwanzo. Safari ya kwanza, iliyofanyika mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili na kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, iligawa magari kwa bei yake dukani. Aliyekuja na gari la bei ya chini alipimwa na wenzake wa bei ya chini. Washiriki wengi walikuwa watu wa kawaida wenye kazi zao, na magari yao yalikuwa yaleyale yaliyouzwa kwa kila mtu. Mbio za ridhaa katika Afrika Mashariki zilizaliwa zikiwa na haki hiyo ndani yake, na popote ilipodumu, mtu mwenye gari dogo ana sababu ya kujiandikisha.

Gari jepesi la michezo lenyewe, lile la viti viwili, injini mbele na kuvuta kwa magurudumu ya nyuma, nalo si geni katika barabara zetu. Datsun 240Z ilikuwa na uzito wa takriban tani moja ilipotoka kiwandani. Ilishinda Safari Rally mara mbili: mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Mehta alizaliwa Uganda. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, aliondoka akahamia Kenya, na mwaka uliofuata akalingana kwa alama na Harry Källström wa Sweden, ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike, na ushindi ukawa wake. Baadaye akashinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Mtu aliyepoteza nyumba yake upande mmoja wa mpaka akawa bingwa upande wa pili: sijui historia ya michezo inayotuhusu sisi wa Busia na Malaba kuliko hiyo, na inanisikitisha kwamba jina lake husikika mara chache katika shule zetu.

Lakini tusidanganyane. Datsun zile ziliandaliwa na kiwanda, zikafuatwa na magari ya huduma yaliyojaa mafundi na vipuri. Ushindi wa 240Z unathibitisha kwamba wepesi unaweza kuhimili murram. Hauthibitishi kwamba gari lako litahimili.

Wepesi unasaidia wapi hasa? Kwanza kwenye breki. Nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza hupanda sambamba na uzito. Gari la kilo 1,400 likiingia kwenye kona kwa mwendo uleule wa gari la kilo 900, breki zake zina kazi ya zaidi ya mara moja na nusu. Pedi huisha haraka, diski huchemka, na dereva hulazimika kuanza kupunguza mwendo mapema. Pili ni tairi. Tairi ndilo litakalokufilisi katika mchezo huu, si injini. Gari zito hulitafuna tairi kwenye changarawe yenye ncha, na kila tairi lililopasuka ni pesa iliyokwenda. Tatu ni shokapu, bushi na boljointi. Shimo lilelile linalopinda mkono wa gurudumu la gari zito huweza kupitwa na gari jepesi kwa mshtuko mdogo zaidi. Anayegharimia mbio kwa mshahara au kwa faida ya duka ataona tofauti hiyo mwisho wa msimu.

Wepesi unaumiza wapi? Kwenye mnyooko na kwenye matope. MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa na nguvu-farasi 115 hivi kwa kilo 950 hivi, yaani kila nguvu-farasi moja ina kilo nane za kubeba. Impreza ya kiwango cha STI iliyotengenezwa kwa soko la Japani ilitoka na nguvu-farasi 280 kwa kilo 1,250 au zaidi kidogo, yaani chini ya kilo tano kwa kila moja, tena inavuta kwa magurudumu yote manne. Ukiyaweka magari hayo mawili katika daraja moja kwenye barabara ya changarawe iliyonyeshewa, hakuna ustadi wa dereva utakaoziba pengo hilo. Ndiyo maana daraja la wazi, lile linalomruhusu kila mtu, ni la kukwepa hata kama ada yake ni nafuu. Utalipa, utajitahidi, utaendesha vizuri, na matokeo hayatakuambia lolote kuhusu uendeshaji wako.

Udongo wenyewe wa huku una neno la kusema. Murram ikikauka hufanya changarawe ndogo za mviringo juu ya sakafu ngumu, na gari hutembea juu yake kana kwamba liko juu ya mtama uliomwagwa. Gari la kuvuta kwa magurudumu ya mbele, kama Starlet, lina uzito wa injini juu ya magurudumu yanayovuta, kwa hiyo hushika vizuri na humsamehe dereva mgeni. Gari la kuvuta kwa nyuma hufundisha zaidi na huadhibu zaidi. Kisha mvua za Machi hadi Mei zikianza, murram ileile huwa sabuni, na kwenye mabonde yenye udongo mweusi wa mfinyanzi hakuna gari la magurudumu mawili ya kuvuta litakalokwenda kwa heshima. Ukipanga kalenda yako, anza na mashindano ya miezi mikavu. Mbio za mvua ziache hadi ujue gari lako linafanya nini likianza kuteleza.

Kimo cha gari kutoka ardhini nacho ni cha kupimwa kabla ya kulipa ada yoyote. MX-5 imekaa chini mno kwa barabara ya vijijini yenye tuta la nyasi katikati. Linaweza kuinuliwa kidogo kwa springi na shokapu ndefu na kuwekewa bamba la chuma la kukinga injini, lakini kila sentimita unayoliinua unalipunguzia ile tabia ya kushika kona iliyokufanya ulipende. Starlet huinuka bila kulalamika.

Sasa twende kwenye mashindano yenyewe. Safari Rally ya kimataifa, iliyorejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kuweka makao Naivasha, niiweke kando mapema. Nenda ukaitazame, peleka watoto, lakini usiifanye shabaha ya msimu wako wa kwanza wala wa tatu. Magari yanayokubaliwa lazima yatimize masharti ya kiufundi ya kimataifa, na gharama ya kuyatimiza hununua shamba. Hali kadhalika East African Safari Classic, iliyoanza mwaka 2003 kwa ajili ya magari ya kale. Kwa sura yake ndiyo ingefaa zaidi gari la michezo la zamani, ila siku zake ni nyingi, umbali wake ni mrefu, na wanaoingia huja na malori ya huduma. Mbio fupi za kasi kwenye mnyooko sizipendekezi kabisa kwa gari jepesi lenye injini ndogo: huko nguvu ndiyo yote, na kona, mahali pekee ambapo wepesi unalipa, hazipo.

Mbio za lami zinahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndizo ambazo mwenye MX-5 huzitamani. Marekani na Uingereza gari jepesi la michezo lina ligi zake kamili. Kule Marekani kuna Spec Miata, ambapo kila mtu huendesha Mazda ileile, na kanuni hueleza shokapu gani, tairi gani na uzito gani wa chini kabisa, dereva akiwa ndani. Uingereza kampuni ya Caterham huendesha mashindano ya wanaoanza, wote wakiwa na magari ya aina moja. Ligi za namna hiyo zinahitaji viwanja vya lami vya kudumu na magari mengi yanayofanana, na sisi hatuna viwanja hivyo kwa wingi wa kutosha kulisha ligi. Kilicho karibu zaidi kwetu ni mbio za kushindana na saa kwenye barabara za lami zilizofungwa kwa muda, kama zile za Kiamburing katika kaunti ya Kiambu, ambako gari moja moja hupanda na kuteremka kona za nyanda za juu na saa ndiyo huamua. Kwa MX-5 ni mahali pazuri kuliko pote nchini Kenya. Halihitaji kuinuliwa, halipigwi mawe, na tairi zake huisha polepole.

Kikwazo ni ramani. Kutoka Busia hadi Kiambu ni zaidi ya kilomita 400. Gari la mbio halipaswi kwenda huko kwa magurudumu yake, maana likiharibika huna la kukurudisha nyumbani. Utahitaji trela na gari la kuivuta, malazi, na siku mbili za kazi zilizopotea. Ukiwa na Mazda na uko tayari kwa mashindano machache tu kwa mwaka, fanya hivyo, na ufurahie. Anayetaka kukomaa kama dereva anahitaji kushindana mara nyingi, na kwa mtu wa Busia lami ya Kiambu haitampa wingi huo.

Autokrosi itampa. Huu ndio mchezo ninaoutetea katika sura hii, na sioni haya kuutetea. Uwanja wake ni shamba au kiwanja cha wazi, njia imekatwa kwenye udongo ikijipinda mara nyingi katika kilomita chache, na dereva huizunguka akishindana na saa. Hakuna nevigeta wa kulipiwa chakula na kitanda. Hakuna siku ya kupeleleza barabara na kuandika noti. Hakuna gari la huduma la kukufuata porini, kwa sababu ukiharibikiwa fundi wako anakuona kwa macho. Mwendo hauruhusiwi kupanda kupita kiasi, kwa kuwa kona inayofuata iko karibu. Kona zikikaribiana, wepesi unarudisha kile ambacho mnyooko ungeiba: gari jepesi linafunga breki baada ya wengine, linageuka mapema, linatoka bila kusubiri turbo ijae.

Tena madaraja yake yamepangwa kwa akili. Katika ubingwa wa taifa wa autokrosi nchini Kenya, unaosimamiwa na shirikisho la michezo ya magari, KMSF, magari yanayovuta kwa magurudumu mawili yametengwa na yale ya manne, na yale ya magurudumu mawili yamegawanywa tena kati ya yenye turbo na yasiyo na turbo. Kuna hata daraja la watoto, Bambino, ambamo wanaanza kushika usukani kabla ya umri wa leseni ya barabarani. Starlet ya kawaida ya lita 1.3 inaingia kwenye daraja la magurudumu mawili bila turbo na kukutana na magari yanayofanana nayo. Starlet GT yenye turbo, iliyotoka Japani ikiwa na nguvu-farasi 135 hivi, haifai kuingizwa humo kwa ujanja. Ina daraja lake, na ukaguzi wa kiufundi upo kwa ajili hiyo.

Nchini Uganda, shirikisho la vilabu vya michezo ya magari, FMU, lina kalenda yake. Busiika, kaskazini mwa Kampala, na Garuga, upande wa Entebbe, ni viwanja ambavyo majina yake yanajulikana kwa kila mpenzi wa injini, wa pikipiki na wa magari. Juu ya hapo kuna ngazi ambayo Kenya ingeweza kuiga kwa faida: pamoja na ubingwa wa taifa wa rali, Uganda imekuwa na ubingwa wa daraja la clubman kwa madereva wanaopanda, na hesabu tofauti kwa magari ya kuvuta magurudumu mawili. Mtu mwenye gari dogo huingia katika mbio zilezile, kwenye barabara zilezile na mbele ya mashabiki walewale, na jioni jina lake husomwa katika orodha inayomhusu.

Rali, hata hiyo ya clubman, ni mzigo wa aina nyingine. Unahitaji nevigeta anayeweza kusoma bila kutapika gari linaporuka. Unahitaji kupita barabara kabla ya siku ya mbio na kuandika kila kona. Mikondo ikijumlishwa ni kilomita nyingi za kuligonga gari, na kosa moja katika kilomita ya tatu humaliza bajeti ya miezi. Nimeona magari mazuri yakiuzwa kama chuma chakavu kwa sababu mwenyewe aliruka ngazi. Rali ije baada ya msimu mzima wa autokrosi, mkono ukishajua uzito wa usukani na kichwa kikishajua lini kuacha.

Hapa ndipo mpaka wetu unapogeuka kuwa faida. Mkazi wa Nairobi ana kalenda moja iliyo karibu. Mkazi wa Busia au Tororo ana mbili. Kampala iko kilomita mia mbili hivi kutoka Busia. Eldoret, makao ya Western Kenya Motor Club na nyumbani kwa rali inayobeba jina la mji huo, iko chini ya kilomita mia mbili. Uko katikati. Mashindano yakiahirishwa upande mmoja, upande wa pili huenda kuna mengine. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kizinduliwe rasmi na Rais Museveni na Rais Kenyatta Februari 2018, dereva husimama mara moja tu, upande anaoingia, badala ya kupanga foleni mbili. Malaba nako mfumo ni huohuo, ingawa msururu wa malori ya Malaba hunifanya nimshauri mwenye trela apite Busia.

Faida hiyo ina makaratasi yake, na usiyadharau. Mashirikisho yote mawili ni ya vilabu, kwa hiyo jiunge na klabu kwanza, kisha uombe leseni ya mashindano katika nchi unakoishi. Ukitaka kushindana upande wa pili, hakikisha tukio linapokea leseni za kigeni na uwe na idhini ya maandishi ya shirikisho lako. Ndivyo kanuni za kimataifa zinavyotaka. Gari litavuka kwa kibali cha muda cha forodha na lazima lirudi kabla hakijaisha. Tairi za akiba, gia ya ziada na vipuri vingine uvitaje vyote kwa maofisa wakati wa kutoka, kwenye orodha yenye namba, ili unaporudi navyo visionekane bidhaa ulizokwenda kununua. Bima ya kadi ya njano ya COMESA inatambulika Kenya na Uganda, lakini inahusu madhara kwa watu wengine barabarani. Bima za kawaida za gari hazigusi ajali iliyotokea mbioni. Waulize waandaaji bima ya tukio inamlipa nani na kwa kiasi gani, na usome jibu lao kabla ya kufunga mkanda.

Kuna sheria nyingine ambayo hubadilisha kabisa uchaguzi wa gari lenyewe. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilifunga mlango kwa magari yenye miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe. MX-5 za mwanzo, zile nyepesi kuliko zote, ziliacha kutengenezwa mwaka 1997, na Starlet nazo zimekwisha kitambo. Maana yake, gari la aina hiyo utalipata kwa aliye nalo tayari ndani ya nchi yako, si kwa kuagiza Japani. Maana yake tena, Starlet ya bei nzuri uliyoiona Tororo huwezi kuihamishia namba za Kenya ukaiita yako ya Busia. Nunua upande unaoishi. Gari likishaharibika vibaya si rahisi kupata jingine, na hiyo ni sababu ya ziada ya kuanza na mchezo usioua magari.

Vipuri havina shida hiyo. Starlet na Corolla za zamani zimejaa pande zote mbili, na kinachokosekana Busia hupatikana Kisekka mjini Kampala au Kirinyaga Road mjini Nairobi, kikafika kwa basi la usiku. Vipuri vya Mazda MX-5 ni adimu. Kila kioo na kila taa ya mbele ni kuagiza. Kama hujanunua gari bado na macho yako yanazunguka kati ya hizo mbili, chukua Starlet. Najua MX-5 ni nzuri zaidi kuitazama.

Pesa inayobaki baada ya kununua gari isiende kwenye injini. Hili nalisema kwa uzito wote nilionao, kwa sababu ndipo vijana wetu wanapopotea: wanaweka turbo kabla ya mkanda. Anza na keji ya chuma iliyochomelewa na mtu anayejua vipimo vya shirikisho, kwa bomba la aina na unene uliotajwa kwenye kanuni. Bomba la maji haliwi keji hata likipakwa rangi nyekundu. Mafundi wa kuchomelea tunao wengi mpakani, na Chuo Kikuu cha Busitema, si mbali na Busia, kinafundisha uhandisi. Beba kitabu cha kanuni, kaa na fundi, pimeni pamoja. Keji itaongeza kilo thelathini au zaidi kwenye gari lako jepesi, na kila kilo ni halali. Kisha kiti cha mbio, mkanda wa pointi nyingi, helmeti yenye muhuri unaokubalika na ambayo haijawahi kuanguka, kizuizi cha shingo, nguo zisizoshika moto na kizimamoto kilichofungwa mahali unapofikia kwa mkono. Baada ya hapo breki, shokapu na tairi. Injini ibaki kama ilivyotoka kiwandani, imefanyiwa huduma, haivuji mafuta, radieta yake safi. Gari lililotumika halikuzuii: Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari ya mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika mbioni kabla ya kuwafikia.

Wepesi wa ziada utafutwe bila pesa. Toa viti vya nyuma, zulia, redio na spika, kila kitu ambacho kanuni za daraja lako zinakuruhusu kutoa. Lakini soma kwanza kama daraja lina uzito wa chini uliowekwa. Kama upo, gari lililokonda kupita kiasi litarudishwa langoni.

Hapa mpakani vijana wa boda boda wanajua kusoma murram kuliko madereva wengi wenye leseni za mbio, mafundi wako kila kona, na mashamba ya wazi yako pande zote za barabara ya Tororo. Klabu moja iliyosajiliwa na kiwanja kimoja kilichokodishwa kwa mwisho wa wiki vinatosha kuleta duru ya autokrosi Busia. Ninyi mlio na maduka, mashamba na vituo vya mafuta katika kaunti ya Busia na wilaya za Busia na Tororo, lichukueni jambo hili, mliandikie shirikisho la nchi yenu, na mwombe duru hiyo.

Nawe mwenye gari jepesi, usingoje hadi hapo. Jiunge na klabu mwaka huu, jenga keji, ingia daraja la magurudumu mawili bila turbo katika autokrosi, na ushindane pande zote mbili za mpaka kadiri mfuko unavyoruhusu. Mwaka wa pili, kama gari bado ni zima na mkono umetulia, tafuta nevigeta na uingie rali ya clubman Uganda. Na kama gari lako ni MX-5, lipeleke Kiambu mara moja kwa mwaka.